Bei ya ng'ombe wa nyama: hesabu mitamba kwanza

Ndugu, kama swali ni iwapo bei hizi za juu za ng'ombe zitadumu miaka mitano, bei ya buchani haitakuambia kitu. Angalia mitamba, yaani majike wachanga ambao hawajazaa: wangapi wanaenda machinjioni, wangapi wanabakizwa wazae.

Mtamba wa miezi 8 akibakizwa leo, atapandishwa akiwa na miezi 15 hivi, abebe mimba miezi 9, na ndama wake achukue miezi mingine 15 hadi 20 kufikia uzito wa kuchinjwa. Hiyo ni karibu miaka 3 kabla nyama ya ziada haijaonekana. Muda wote huo mtamba mwenyewe hayupo sokoni, kwa hiyo wafugaji wakianza kukuza makundi, bei hupanda zaidi kwanza ndipo ishuke. Wengi huumia hapo: hununua majike bei ikiwa kileleni, wakauza ndama ikiwa inateremka. Mzunguko mzima wa bei kupanda na kushuka kwa kawaida ni miaka 8 hadi 12, ingawa ukame huuvuruga, maana majike huuzwa kwa wingi, bei huanguka, kisha uhaba hufuata.

Anayenunua ndama na kuwanenepesha ana hesabu nyingine. Kila kilo 1 ya uzito unaoongezeka hula kilo 6 hadi 8 za chakula kikavu (kikipimwa bila maji), na ndama wakiwa ghali hivi faida huisha haraka. Mimi nisingekopa kununua majike sasa. Ningebakiza mitamba yangu bora na kuuza majike wazee.