Bustani ya Kipupwe: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nina bustani nyuma ya nyumba, Nkuhungu, Dodoma, na namwagilia maji ya kisima. Tangu Juni matuta yanatoka unga mweupe, na chainizi inaungua kingo za majani. Nimeongeza samadi, hali imezidi. Nifanyeje?

JIBU: Huo unga ni chumvi ya kisimani. Mvua ya kuisukuma chini haipo, na upepo wa Julai na Agosti unayakausha maji na kuiacha chumvi juu. Matuta ya kuinuka yaachie msimu wa mvua.

Kwangua sentimita 2 za juu, ukatupe nje ya bustani. Chimba jaruba la upana wa mita 1 na kina cha sentimita 15, sakafu iwe sawa. Kabla ya kupanda, mwaga lita 50 kwa kila mita ya mraba, yazame, kesho yake urudie. Yakituama kutwa nzima, chini kuna tabaka gumu. Livunje kwa sululu, la sivyo chumvi haina pa kwenda.

Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni ndiko kunakoharibu. Mwaga lita 15 kwa mita ya mraba kila siku ya tatu, asubuhi, shinani na si majanini, kisha tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5. Samadi mbichi nayo ina chumvi yake. Tumia iliyoiva, isiyonuka, debe 1 kwa mita 4 za mraba. Majivu, hata jirani akikusifia vipi, usiweke: yanazidisha magadi. Kwa maji hayo karoti na maharage vitakutesa, spinachi inavumilia.

SWALI: Mchicha wangu wa Juni umedumaa na kutoa maua ukiwa na urefu wa kiganja. Mbegu mbovu?

JIBU: Pengine mbegu ni nzima. Mchicha unataka joto, na siku fupi huuharakisha kuchanua. Ung'oe, panda sukuma au kabichi, urudie mchicha Septemba.

SWALI: Napulizia vidukari maji ya sabuni, hawafi.

JIBU: Unachanganya na maji gani? Ya kisima cha chumvi hayatoi povu. Sabuni inaganda vipande vyeupe, na dawa imekwisha hapo hapo. Tumia maji laini, yaani yanayotoa povu kwa urahisi, kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1, jioni, ukigeuza majani: vidukari hukaa upande wa chini. Jaribu mche mmoja kwanza. Rudia baada ya siku 4.