Bima na taa za gari zilizofifia

Ndugu yangu wa Mbale, umeuliza kama bima italipia kung'arisha taa za mbele zilizogeuka manjano. Hailipii. Bima ya mtu wa tatu, ambayo sheria ya Uganda inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, huwafidia wengine walioumia, wala haigusi gari lako. Bima kubwa, ile inayofunika na gari lako mwenyewe, kwa kawaida hulipia taa iliyovunjika ajalini, si uchakavu wa plastiki iliyounguzwa na jua.

Basi mlipe fundi, lakini simama karibu naye: apige msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, hadi ukungu uwe laini na sawasawa, ang'arishe, halafu apake dawa ya kukinga miale ya jua. Tafadhali usikubali hatua hiyo ya mwisho irukwe, maana ikirukwa umanjano utarudi upesi.