Mota ya 3.3 kV: kebo lazima iwe na shildi?

SWALI: Hujambo fundi. Mimi ni fundi wa stima Kisumu, nafanya kwa kiwanda kimoja cha sukari huku nje. Kuna mota ya 3.3 kV inazungusha visu vya kukatia miwa na kebo yake imezeeka, nje imeanza kupasuka. Sasa injinia mpya amekuja na sheria ya Marekani, ile NEC, anasema ukipita volti 2400 kebo lazima iwe na shildi, yaani ganda la chuma juu ya insulesheni ya kila waya. Yetu haina na imefanya kazi miaka mingi bila shida. Nani ako sawa?
Fundi wa Nyalenda

JIBU: Omera, nyote mko sawa, ni vile mnasoma vitabu tofauti. NEC ni ya Marekani, na huko mota kama hizi nyingi ziko kwa mfumo wa volti 4160. Ni kweli inataka shildi ukipita 2400, toleo la 2020 waliiweka kwa kifungu cha 311, lakini hata wao wameacha mlango kwa kiwanda chenye mafundi waliohitimu kinachobadilisha tu kebo ya zamani isiyo na shildi, mpaka volti 5000. Huyo injinia hakufika hapo naona.

Sisi huku tumezoea viwango vya Waingereza, vile vinaanza na BS. BS 5467 inabeba kebo ya 1.9/3.3 kV na haidai shildi kwa kila kori (waya mmoja wa ndani na insulesheni yake), hiyo 1.9 ni volti ya kori moja hadi ardhi. Ukifika 3.8/6.6 kV unaingia BS 6622 na hapo kila kori ina semikoni, ile tabaka nyeusi ya kaboni juu ya insulesheni, na tepu ya shaba, hakuna kubishana. Kwa hivyo kebo yenu ya zamani haikuwa makosa.

Lakini kama mnanunua mpya na mtaro wenu unajaa maji kila masika, mimi ningenunua yenye shildi. Isiyo na shildi ikilala kwa maji ama ikigusa chuma, umeme unatembea juu ya ngozi yake, unaona unga mweupe, ozoni inakula insulesheni polepole mpaka siku moja inalipuka.

Sasa shida ya shildi ni mikono ya fundi. Ukikata semikoni usiguse insulesheni, mkwaruzo mdogo tu wa kisu utakurudisha hapo baada ya miezi. Ukipangusa na spiriti anzia kwa insulesheni ukielekea semikoni, ukirudi nyuma unapaka kaboni mahali umetoka kusafisha. Shildi nayo iende ardhini, ikiachwa inaelea inaweza kumrusha mtu.

Kuna kiwanda upande wa Nakuru nilihangaika siku mbili, mota inatripu (inajizima) ovyo na kila tukipiga mega, ile mashine ya kupima insulesheni, iko safi. Kumbe paneli yao ina ile CT ya duara, kifaa cha kupima mkondo unaovuja kwenda ardhini, inayozunguka kebo nzima, na waya wa ardhi wa shildi ulifungwa moja kwa moja kwa chuma bila kurudishwa ndani ya duara. Ukishapitisha kebo na shildi yake kwa CT, huo waya lazima urudi kupitia hapo hapo ndio mkondo wa shildi ujifute. Tuliurudisha, ikatulia.

Na kabla hujaagiza chochote fungua boksi ya mota upime ndani. Tamineshoni, yaani mwisho wa kebo unaotengenezwa kuungwa kwa mota, ya kebo yenye shildi ni ndefu, boksi nyingi za zamani haziitoshi, hapo utahitaji boksi mpya na hiyo bei injinia aipeleke yeye kwa ofisi.