Kwa nini Barry Sanders aliacha mpira akiwa bado wa moto? Maswali yenu na majibu

Wiki iliyopita nilimtaja kwa mistari miwili tu Barry Sanders, yule raningi beki wa Detroit Lions, timu ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, aliyestaafu mwaka 1999 akiwa mzima wa afya na rekodi kubwa kuliko zote ya nafasi yake, ile ya jumla ya yadi za kukimbia, iko hatua chache mbele, basi maswali yakamiminika mpaka nikaona safu yote ya leo iwe yake. Huyu mtu nampenda, nasema mapema kabisa, kwa hiyo msitegemee nikae katikati.

Kaka, mi huo mpira wa Kimarekani hata siujui. Raningi beki kazi yake nini hasa? (Msomaji, Morogoro)

Sawa tuanzie hapo. Kila timu ina watu 11 uwanjani, na wenye mpira wanapewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10, kama mita 9 hivi, wakishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Kotabeki anaweza kuurusha kwa mtu aliyeshakimbia mbele au kumkabidhi mkononi aliyesimama nyuma yake, na huyo wa nyuma ndo raningi beki, kazi yake inaanza palepale, aukumbatie mpira asije akaudondosha, atafute upenyo katikati ya majitu ya kilo 130 yanayosukumana halafu apite kabla upenyo haujaziba. Karibu kila akishika mpira anaangushwa, na siyo kukwatuliwa kama kwenye soka, ni mwili mzima wa mtu unakuja na kasi yake yote, mara 20 au zaidi ndani ya mechi moja. Ndo maana wengi wa nafasi hii hawafikishi hata miaka minne kwenye NFL, magoti yanakwisha mapema, na klabu nayo inajua mwakani kuna kijana mwingine anakuja kwa bei ndogo. Barry alicheza misimu 10.

Nimemwona kwenye video, mbona mfupi hivi? Aliwezaje? (Msomaji, Mwanza)

Alikuwa na kama sentimita 173 na kilo 92 hivi, na ufupi huo ulimcheleweshea mambo. Kazaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1968, mtoto wa saba kati ya 11, baba yake mzee William alikuwa fundi wa kuezeka nyumba na vijana wake aliwapandisha juu ya paa kufanya kazi naye. Vyuo vingi vilimwangalia vikapita. Oklahoma State ndo wakamchukua na huko akakuta Thurman Thomas ameshika nafasi, Thurman ambaye naye baadaye alikuja kuingia Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wakali wa mchezo huu, kwa hiyo miaka miwili Barry alikuwa wa kusubiri tu. Thurman akaondoka, ukaja msimu wa 1988, na hapo nawaomba msome taratibu: mechi 11, yadi 2,628, tachidauni 37 za kukimbia, yaani kuuvusha mpira mstari wa goli wa wenzao. Mpaka leo watu wa mpira wa vyuo wakitaja msimu bora wa mtu mmoja wanaanzia hapo. Tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, ilitangazwa kapewa yeye wakati timu yake iko Tokyo kwa ajili ya mechi.

Sasa ule ufupi ukageuka silaha. Mabeki wa upande wa pili walikuwa hawamwoni, kajificha nyuma ya majitu ya mbele, wakija kumwona ameshageuka. Mapaja mazito, kiuno kiko chini karibu na ardhi, anaweza kusimama ghafla akiwa kwenye kasi kamili na kuondoka tena kwa upande mwingine kabla mwenzake hajapata mguu wa kusimamia. Mwaka 1994 wakicheza na New England alimzungusha beki mmoja, Harlon Barnett, mpaka akawa ameangalia kule mpira ulikotoka, na Barnett hakuwa mchezaji mbovu hata kidogo. Ila niseme na upande wa pili kwa haki, ule mtindo wa kutafuta njia nyingine kila mara ulikuwa na gharama, kuna mbio zake nyingi zilizoishia nyuma ya alipoanzia, na makocha walikuwa wanamtoa wakikaribia sana mstari wa goli kwa sababu pale ulitakiwa ugumu wa kusukuma tu moja kwa moja. Mimi nakubali hasara zote hizo kwa yale aliyotupa.

Eti ni kweli aliwahi kukataa kuwa kinara wa ligi, akamwachia Mnigeria? (Msomaji, Nakuru)

Kweli kabisa, na hapa ndo utamjua Barry ni mtu wa namna gani. Msimu wake wa kwanza, 1989, mechi ya mwisho dhidi ya Atlanta, Lions wanaongoza, mechi imeshakwisha kimsingi, na yeye ana yadi 1,470. Kinara alikuwa Christian Okoye wa Kansas City Chiefs, Mnigeria aliyekwenda Marekani kwa ajili ya riadha na mpira huu akaukutia hukohuko chuoni, ana 1,480. Yadi 10 tu zilitakiwa amfikie! Kocha Wayne Fontes akamwuliza unataka kurudi uwanjani, Barry akasema hapana, tushinde tu twende nyumbani. Fikiria kijana wa miaka 21, msimu wa kwanza, anakataa kitu ambacho wengine wanakitafuta maisha yao yote. Na haikuwa mara ya kwanza, hata sekondari kule Wichita alikuwa anakaribia kuwa kinara wa mji mzima akamwambia kocha waacheni wadogo nao wacheze. Akifunga tachidauni hachezi, harushi mpira jukwaani, anampa mwamuzi mkononi anarudi kwenye benchi. Shikeni hili maana jibu la kustaafu limejificha humu.

Msimu wake bora ni upi? (Msomaji, Dar es Salaam)

1997, hata sifikirii. Mechi mbili za kwanza alipata yadi 53 tu jumla, watu wakaanza kunong'ona mzee kachoka, halafu mechi 14 zilizofuata zote, kila moja, alivuka yadi 100. Akamaliza na 2,053, mtu wa tatu kufikisha 2,000 katika historia ya NFL baada ya O.J. Simpson na Eric Dickerson, na tuzo ya mchezaji bora wa mwaka akagawana na Brett Favre wa Green Bay.

Acha ushabiki ndugu. Emmitt Smith, raningi beki wetu, ana yadi 18,355 na Super Bowl tatu, zile fainali za ligi, Barry ana nini? (Shabiki wa Dallas Cowboys, yuko Nairobi)

Karibu ndugu yangu, nilijua utakuja. Emmitt ni mkubwa, sipunguzi kitu, kucheza misimu 15 kwenye nafasi ile ni uwezo wa peke yake na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini tuweke hesabu mezani zote siyo nusu. Emmitt alishika mpira mara 4,409, wastani wake yadi 4.2 kila akishika. Barry mara 3,062, wastani yadi 5.0, jumla 15,269, karibu kilomita 14 za kukimbia huku watu wazito wanataka kumvunja. Kwa wastani wa mechi Barry ni karibu yadi 100, na ukichukua wakongwe wenye maelfu yao aliyemzidi waziwazi ni Jim Brown. Halafu angalia walivyozungukwa, Emmitt alikuwa na Troy Aikman kotabeki na Michael Irvin wa kudaka, mbele yake ukuta wa watu ambao ukiwataja tu Texas wanasimama, wakati Barry makotabeki walibadilika kila baada ya muda na walinzi wa upande wa pili walijua kabisa mpira unakwenda kwa nani na bado wakashindwa kumshika. Mara moja tu nakumbuka walimshika sawasawa, tarehe 31 Desemba 1994 huko Green Bay kwenye mtoano, alishika mpira mara 13 akaishia yadi hasi moja, yaani nyuma ya alipoanzia. Siifichi hiyo, inauma mpaka leo.

Aliwahi kucheza Super Bowl? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Alishinda mechi moja ya mtoano maisha yake yote, Januari 1992, waliwapiga Dallas 38 kwa 6, wiki iliyofuata Washington wakawatoa kwa kichapo kizito.

Sasa kwa nini aliacha? Nasikia hata kocha hakumwambia, ni kweli? (Wengi mmeuliza hili)

Jioni ya tarehe 27 Julai 1999, siku chache kabla kambi ya mazoezi haijaanza, Barry alituma faksi kwenye gazeti la nyumbani kwao, Wichita Eagle. Siyo mkutano na waandishi, siyo machozi mbele ya kamera. Alisema kwa kifupi kwamba hamu ya kuondoka kwenye mchezo imeizidi hamu ya kubaki. Ana miaka 31, msimu uliopita kakimbia yadi 1,491, na rekodi ya Walter Payton, raningi beki mkongwe, ya jumla ya yadi 16,726 imebaki yadi 1,457 tu, yaani msimu mmoja wa kawaida kwake basi anaipita. Waandishi wakamtafuta kila kona, yeye kapanda ndege kaenda London.

Watu walimtukana sana. Wakasema mwoga, wakasema anatafuta kuuzwa timu nyingine, na kwa upande wa namna alivyoaga mimi naona mashabiki wa Detroit walikuwa na haki ya kuumia, maana walimshangilia miaka 10 wakaambulia habari ya gazetini tena gazeti la mji mwingine. Ila kwenye sababu yenyewe nasimama naye. Lions hawajachukua ubingwa tangu 1957. Kila alipoona timu inakaribia kuwa kitu watu wake wa karibu walikuwa wanaachiwa waondoke, Lomas Brown na Chris Spielman 1996, kisha Kevin Glover, senta wake, yule anayeanzisha mpira na kumfungulia njia, naye akaachwa mwaka 1998. Msimu huohuo wakashinda mechi 5 wakapoteza 11. Alikuja kueleza mwenyewe baadaye kwamba kule kupoteza kulimchosha na hakuamini tena kama wakubwa wa klabu wana nia ya kushinda.

Sasa rudisha akili kwa yule kijana wa yadi 10 kwenye mechi ya Atlanta. Mtu huyo huyo unategemea abaki mwaka mzima kwenye timu isiyoshinda, apigwe mara 300 na zaidi, kisa jina lake liandikwe juu ya jina la Payton? Hakuwa anacheza kwa ajili hiyo tangu sekondari, tatizo ni kwamba sisi tuliokuwa tunahesabu yadi ndo tulidhani na yeye anahesabu. Payton mwenyewe alifariki tarehe 1 Novemba mwaka uleule kwa ugonjwa wa ini na rekodi yake ilikaa mpaka Oktoba 2002 Emmitt alipoipita.

Na hela? Alikuwa na mkataba, si ndiyo? (Msomaji, Arusha)

Ndiyo, mwaka 1997 alisaini mkataba wa miaka sita wenye bonasi ya dola milioni 11, akacheza miaka miwili. Lions walidai sehemu ya bonasi irudi, wakaenda kwa msuluhishi na akaamuliwa arudishe jumla dola milioni 5.5, siyo zote kwa mkupuo. Kwa hiyo anayesema alikimbilia pesa ajue kuondoka kulimgharimu mamilioni, ya kurudisha na ya mishahara ambayo hakuipata.

Shikamoo baba. Mwanangu ana miaka 15, tuko Texas, shule wamemweka raningi beki na mimi naogopa. Nimzuie? (Mama, Fort Worth)

Marahaba mama yangu. Uoga wako una sababu, sitakudanganya. Kwenye timu ya Barry peke yake, mwaka 1991 Mike Utley aliumia shingo akapooza, na Desemba 1997, siku ileile Barry anafikisha yadi 2,000, mwenzake Reggie Brown aliacha kupumua pale uwanjani ikabidi wamfufue kwa pumzi, Mungu akamsaidia akapona na akatembea, ila mpira ndo ukawa umekwisha. Mimi nisingemzuia kwa amri, kijana wa umri huo ukimzuia anacheza kwa siri. Ningekwenda shuleni nimwulize kocha maswali matatu: kuna mtaalamu wa majeraha kwenye kila mazoezi? mtoto akigongwa kichwa nani anaamua arudi uwanjani, kocha au daktari? na mnawafundisha kuweka kichwa juu wakati wa kugongana? Akijibu kwa kigugumizi mtoe mtoto. Na masomo yasishuke mama, hilo hata kwa mkali wao, maana wanaofika NFL ni wachache mno.

Walipatana na Lions mwishowe? (Msomaji, Kampala)

Walipatana, ilichukua miaka. Mwaka 2004 aliingia Hall of Fame na baba yake ndo alimtambulisha, mzee William ambaye miaka yote alisisitiza bora kuliko wote ni Jim Brown hata mwanaye akisikia. Septemba 2023 sanamu yake ikazinduliwa nje ya uwanja wa Ford Field, na Januari 2024 Lions waliposhinda mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu ile ya 1992 yake, miaka 32, Barry alikuwepo uwanjani anaangalia.

Nianze na video ipi? (Msomaji, Zanzibar)

Tafuta ile ya Tampa Bay ya Oktoba 1997, tachidauni mbili kwenye mechi moja, moja ya yadi 80 nyingine ya 82, halafu ile ya Dallas ya Januari 1992, yadi 47, pale kati wanamshika kabisa na anatoka. Ukimaliza hizo tazama alivyompa mwamuzi mpira.