Uliza Wakili: Bosi anataka turekebishe rejista kabla sijaenda kuhojiwa

SWALI: Wakili habari za kazi. Mimi ni karani wa madai kwenye zahanati moja ya binafsi huku Igoma, kila mwisho wa mwezi nakusanya fomu za wagonjwa wa bima, naziingiza kwenye sistimu na kuzituma. Sasa walikuja wakaguzi wakawapigia simu wagonjwa, wengine wakasema hawakufika kabisa zahanati tarehe hizo, wengine wanasema walipima malaria tu ila fomu ina vipimo vinne vitano. Nimeitwa wiki ijayo nikahojiwe. Bosi anataka niende jioni tukae na rejista "tuiweke sawa", alafu anasema wakili wake atatutetea wote nisihangaike kutafuta mwingine. Mimi nilikuwa naingiza nilichopewa, na mara nyingine natumia paswedi ya daktari maana yeye hana muda. Sijala hela yoyote zaidi ya mshahara wangu. Nikisema niliagizwa ntakuwa salama? Nina mtoto ananyonya, usingizi sipati. Dada wa Igoma.

JIBU: Dada yangu pole sana, na kabla ya yote, hiyo jioni usiende. Rejista ikae kama ilivyo, hata kama ina mapengo na hata kama ina vitu vya aibu. Kubadilisha au kuharibu ushahidi ni kosa linalojitegemea kwenye Kanuni ya Adhabu, yaani unaweza ukashinda kesi ya fomu ukafungwa kwa kesi ya rejista. Na wakaguzi mara nyingi wanakuwa wameshapiga picha kurasa wanazozitaka, kwa hiyo ukiongeza hata mstari mmoja leo, kesho zinawekwa mbili mezani, ya kwanza na ya pili, na hapo umewapa bure kitu ambacho wangehangaika sana kukithibitisha, ambacho ni nia.

Nia ndo moyo wa kesi hizi zote. Fomu iliyokosewa peke yake haimfanyi mtu mhalifu, karani anaweza kuchanganya tarehe, daktari anaweza kuandika vipimo alafu maabara ikawa imeishiwa vitendanishi, yaani dawa za kupimia, na madai ya namna hiyo kawaida yanakatwa au hela inarudishwa, yanaishia hapo. Inakuwa jinai pale upande wa mashtaka unapoweza kuonyesha, bila kuacha shaka ya msingi, kwamba mtu ALIJUA maelezo ni ya uongo na akayatuma ili hela itoke. Mashtaka yanayokuja mara nyingi ni kughushi, kuwasilisha nyaraka za uongo na kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, haya yako kwenye Kanuni ya Adhabu. TAKUKURU wakiingia kuna kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri chini ya sheria yao ya 2007. Hela ikiwa nyingi wanaweza kuhamia kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984 kwa shtaka la kuisababishia mamlaka hasara, na huko kifungo kinaweza kufika miaka 30. Wakiongeza utakatishaji fedha, dhamana hakuna. Sikutishi dada, nakwambia ili ujue kwanini hili sio jambo la kwenda nalo peke yako ukidhani utaeleza tu wakuelewe.

Sasa utetezi wenyewe unajengwaje. Chukua fomu moja tu uiangalie vizuri, ina namba ya kadi, tarehe, ugonjwa, vipimo, dawa, sahihi ya mgonjwa na sahihi ya aliyemtibu. Kila kimoja kati ya hivyo kina ndugu yake mahali pengine pale pale zahanati. Jina linatakiwa liwe kwenye MTUHA, zile rejista rasmi za takwimu za afya, kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, vipimo viwe kwenye rejista ya maabara, dawa zionekane zimepungua kwenye leja, na daktari awepo kwenye rosta siku hiyo. Wakili mzuri anakaa na fomu moja moja anazilinganisha hivyo. Yule mgonjwa anayesema "nilipima malaria tu" anaweza kuwa anasema ukweli anaoujua yeye, alichomwa sindano mara moja, ila damu ile ile ikapimwa malaria na picha kamili ya damu pamoja na sukari, na yeye hakuambiwa. Rejista ya maabara ikionyesha majibu na vitendanishi vikaonekana vimetumika, shahidi huyo hana uzito tena kwenye fomu hiyo. Lakini kama fomu ina vipimo vitano, rejista ya maabara haina hata kimoja, na daktari aliyesaini alikuwa likizo, hapo swali linabaki nani aliandika, ndo maana wanaitwa wataalamu wa maandishi. Kila shtaka kwenye hati linathibitishwa peke yake, kwa hiyo usikubali fomu mia zizungumzwe kama fomu moja.

Kuhusu paswedi, hili linakata pande mbili. Kwenye kompyuta kazi yako inaonekana ni ya daktari na labda kuna kazi ya mtu mwingine inaonekana ni yako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kompyuta mahakamani ila inataka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa na aliyeitengeneza anatambuliwaje. Paswedi iliyokuwa inajulikana na ofisi nzima inaitia shaka rekodi hiyo. Mwambie wakili wako kila kitu hapo, nani alikuwa anaijua, mlikuwa mnakaa wapi, siku zipi uliitumia.

Na swali lako la "niliagizwa". Peke yake haikutoshi. Kama ulipewa fomu zimeshasainiwa na wewe hukuwa na namna ya kujua mgonjwa hakuja, hukujua, na asiyejua hana nia. Kama ulikaa na kadi za zamani ukajaza majina mwenyewe kwa sababu bosi kasema, agizo la bosi linaweza kupunguza adhabu au upande wa mashtaka ukaona unafaa zaidi kuwa shahidi wao, lakini halifuti kosa. Mimi sijui uko wapi kati ya hapo na usiniandikie hapa gazetini, kamwambie wakili wako chumbani mlango umefungwa, maana siri ya mteja na wakili inalindwa na sheria.

Wakili WAKO, narudia, sio wa bosi. Hili limeniuma kuliko yote kwenye barua yako. Utetezi wako wa kweli unaweza kuwa "bosi ndo alijua", na utetezi wa bosi unaweza kuwa "karani ndo alijaza", sasa wakili mmoja anayelipwa na mmoja wenu atayasemaje yote mawili? Hawezi, na atakayeachwa sio anayelipa. Kama hela hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya watu kama wewe, ulizia kwa Chama cha Mawakili Tanganyika au watoa msaada waliosajiliwa hapo Mwanza. Wasaidizi wa kisheria wa mitaani wanasaidia kuelekeza ila kusimama mahakamani lazima wakili.

Siku ya mahojiano una haki ya kuambiwa unatuhumiwa nini, kuwasiliana na wakili au ndugu, na kukaa kimya. Ukiwa chini ya ulinzi muda wa kawaida wa kuhojiwa ni masaa manne, ukiongezwa kuna utaratibu wake. Taja jina na kazi yako, mengine subiri wakili. Maelezo ya onyo, yaani yale yanayoandikwa baada ya kuonywa kwamba utakachosema kinaweza kutumika mahakamani, yasome mstari kwa mstari kabla hujasaini, palipokosewa pakatwe parekebishwe, kwa sababu karatasi hiyo itasomwa mahakamani ukiwa umesimama kizimbani, na kuja kusema baadae nililazimishwa kunaleta kesi ndani ya kesi, sio njia rahisi. Usisaini pia karatasi ya "nakubali kurejesha kiasi fulani" eti yaishe, kurejesha hakufuti jinai na karatasi hiyo inasomeka kama kukiri. Wakichukua simu yako au daftari, dai risiti ya vitu vilivyochukuliwa.

Na kwa ajili ya mtoto, andaa dhamana mapema: wadhamini wawili wenye kitambulisho cha NIDA na barua za mtendaji wa mtaa, wajue siku na wawe karibu na simu. Sio kwamba utashtakiwa, ila ikitokea ijumaa mchana barua ya mtendaji huipati mpaka jumatatu.

SWALI: Shikamoo wakili. Nilimuazima mdogo wangu kadi ya bima akatibiwe hapa Nansio, alikuwa hoi kweli. Sasa wanasema ni udanganyifu. Nami ni mshtakiwa?

JIBU: Marahaba. Unaweza kuwa, ndio. Kadi ni ya aliyetajwa juu yake, na huruma yako kwa mdogo wako haibadilishi kwamba huduma ilitoka kwa jina la mtu mwingine. Ila dai ni moja, hela ni ndogo, mgonjwa kweli aliumwa na alitibiwa kweli, na hayo yote yana uzito kwa anayeamua kama ufunguliwe kesi au ulipe gharama. Usiende kuongea nao peke yako, na tafadhali usiwaambie ulipoteza kadi, uongo huo utaanguka wakimuuliza muuguzi aliyempokea.

SWALI: Wakili, mdogo wangu yuko Houston Marekani, anafanya kazi kampuni ya kuhudumia wazee majumbani, kampuni imeshtakiwa kulipisha serikali masaa ambayo hayakufanyika na yeye ana kesi sasa. Wakili aliyepewa anamshauri akiri apate kifungo kidogo. Sisi huku Kirumba tumchangie afanye hivyo yaishe?

JIBU: Kaka yangu, michango ni mizuri ila kwanza mpigieni mumuulize kitu kimoja, ana uraia au ana kibali tu? Huko kesi za jinai za namna hii zinaweza kwenda kwa sheria ya shirikisho ya 1996, kifungo mpaka miaka 10, na kinapanda mpaka 20 kama mgonjwa aliumia vibaya. Lakini kwa asiye raia kuna hukumu ya pili isiyosomwa kizimbani: akikutwa na hatia ya udanganyifu na hasara ikazidi dola 10,000, anaweza kurudishwa nchini hata kama kifungo kilikuwa kidogo. Mahakama ya juu ya huko ilisema mwaka 2010 kwamba wakili wa jinai lazima amshauri mteja wake kuhusu kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Kwa hiyo amuulize wakili wake waziwazi, na kiasi cha hasara kitakachoandikwa kwenye makubaliano ndo cha kupigania, sio miezi tu.

Hata kule kesi inageuka kwenye kujua. Ile sheria yao ya madai ya uongo kwa serikali, ya tangu 1863, ni ya madai ya fedha sio ya kifungo, na mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ilisema kinachoangaliwa ni mshtakiwa mwenyewe aliamini nini wakati anatuma dai, sio maelezo mazuri yaliyotungwa baadae. Kwa mdogo wako hiyo maana yake ni meseji. Kama msimamizi alimwandikia "jaza masaa nane" na yeye akauliza "lakini nilikaa matatu", mazungumzo hayo yanaweza kumuokoa au kumzamisha kutegemea alichofanya baada ya kujibiwa. Asifute hata moja, ampe wakili simu nzima. Na nyie ndugu msimtumie meseji za kumuuliza kesi ikoje, muulizeni amekula nini.