Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Wageni Ufaransa

SWALI: Nahamia Lyon kikazi. Nimeanza kusoma A Year in Provence cha Peter Mayle. Je, kinatosha kuniandaa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa hulka za watu, kisome chote. Kwa bei na sheria, usikitegemee. Kilitoka 1989 na kinasimulia mwaka mmoja wa Mayle kijijini kusini mwa Ufaransa, Januari hadi Desemba. Bei zake ni za faranga, sarafu ya Ufaransa kabla ya yuro; gawanya kwa 6.56 upate yuro, lakini hata hivyo ni za zamani mno. Mayle, Mwingereza, alilindwa na sheria za Jumuiya ya Ulaya, kwani Uingereza ilikuwa mwanachama wakati huo. Wewe Mkenya unahitaji viza ya muda mrefu, na nyingi lazima zithibitishwe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu ufike. Wengi hukwama hapo. Adabu haijabadilika: ukiingia dukani, “bonjour” kwanza, ndipo uulize bei.