Mgeni wangu ataanzia langoni

Wiki iliyopita mliuliza: "Ukipewa mgeni umtembeze katika mji mkuu mmoja wa Asia, utamwanzishia wapi?" Najua wengi watawaletea Tokyo na Dubai (na Dubai wala si mji mkuu, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu). Mie nawaletea Maskati, mji mkuu wa Oman, anakoishi shangazi yangu tangu 1973, na mgeni wangu nitamwanzishia langoni.

Dereva wa teksi atataka kumpeleka kwanza Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Simlaumu. Msikiti ulifunguliwa 2001 baada ya miaka sita ya ujenzi, na zulia la ukumbi wake mkubwa peke yake lina tani 21, limefumwa kwa mikono ya wanawake wa Iran. Asiye Mwislamu huingia asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Uzuri upo, tena wa kukufanya unyamaze. Lakini ukianzia pale utatoka ukidhani Maskati ni mji uliozaliwa tajiri, na hapo utakuwa umeshapotea njia.

Mji mkongwe ni kitu kidogo. Umebanwa baina ya bahari na milima mikavu isiyo na hata mti, na unaweza kuumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Juu ya bandari kuna ngome mbili za Wareno zinazotazamana, Mirani na Jalali. Wareno waliuteka mji 1507, wakatolewa 1650 na Imamu Sultan bin Saif. Watu wa Mombasa wanaijua sehemu ya pili ya kisa hicho, maana Waomani hawakuishia hapo: 1698 walikuwa wameshaingia Fort Jesus. Tazama pia majabali ya bandarini, utaona majina ya meli yaliyopakwa rangi na mabaharia waliopita. Mabaharia nao, kumbe ni kama vijana wa madaladala.

Sasa lango lenyewe, Bab al-Kabir. Mpaka 1970, zama za Sultan Said bin Taimur, lilifungwa saa tatu baada ya jua kuzama, yaani saa tatu za usiku kwa saa zetu, huna haja ya kugeuza chochote. Mzinga ukishalia, aliye nje kabakia nje, na aliye ndani akitaka kutembea lazima ashike fanusi mkononi. Nchi nzima ilikuwa na skuli tatu na barabara ya lami ya kilomita kumi hivi. Tarehe 23 Julai mwaka huo Qaboos alimpindua baba yake, akawaita Waomani waliotawanyika nje warudi kujenga.

Waliorudi ndio sababu ya mimi kuandika barua hii. Shangazi alishuka Maskati na sanduku moja na cheti cha kupiga taipu. Alikuwa katoka Unguja, mji wenye taa za barabarani, wenye Beit al-Ajaib ya 1883 iliyokuwa na umeme na lifti tangu enzi za masultani. Ananiambia usiku wa kwanza aliuliza swichi iko wapi, mwenye nyumba akamletea kibiriti.

Nasi huku tuna mazoea ya kudhani kuwa utajiri ulikuwa Uarabuni, ukatujia sisi. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja kwa pamoja, aliona vingine. Kufikia 1840 alikuwa ameshahamishia makao yake Unguja, kwenye karafuu na biashara ya pembe na watumwa, na Maskati ikabaki kuwa nyumba ya zamani. Alipofariki 1856 wanawe wakagombana, Waingereza wakaingia kati, na mwaka 1861 dola ikakatwa vipande viwili: Thuwaini akapewa Maskati, Majid Unguja. Na kwa kuwa Unguja ndiyo iliyokuwa na neema, iliamriwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Yaani sisi ndio tuliokuwa tukipeleka.

Kwa hiyo miaka ya sabini watu walitoka upande uliowahi kuwa tajiri wakaenda penye vumbi, na walichobeba ni skuli. Walijua Kiingereza, hesabu za ofisini, uuguzi, ualimu. Serikali mpya ikawajaza kwenye madawati. Kiarabu ndicho kilichowasumbua. Shangazi anasema alichekwa sokoni kwa miaka miwili. Mpaka leo huitwa Wazanzibari wote kwa jumla, hata aliyezaliwa Tabora au Bujumbura.

Ukishajua hayo, mji mpya unausoma vizuri zaidi. Utaona mbona majengo ni mafupi na meupe, hayagombani na milima; ni uamuzi wa serikali, si ufukara. Jumba la Opera la 2011 na Makumbusho ya Taifa ya 2016, iliyo mbele ya kasri ya Al Alam, vipite kwa nafasi yako. Makumbusho ipe nusu siku.

Kisha nenda Matrah, ila usinifuate mie. Nilijifanya mjuzi, nikaenda kwa miguu kutoka mji mkongwe, mwezi wa Juni, saa saba mchana. Ni kilomita chache tu za kando ya bahari. Nilipofika chini ya lile chetezo kubwa jeupe lililojengwa juu ya kilima cha Riyam, nilikuwa natoka moshi kuliko lenyewe. Mzee mmoja alisimamisha gari bila kuulizwa, akanipa maji, akanishusha sokoni.

Soko la Matrah ni vichochoro vilivyoezekwa, giza la ubaridi, na ubani kila kona. Shangazi alinikuta huko jioni akanipeleka kwa muuzaji wake. Ubani bora wa Dhofar, kusini mwa Oman, huitwa Hojari. Ni vijiwe vyeupe vyenye ukijani kwa ndani, kama zabibu isiyoiva. Muuzaji alitupia kimoja kwenye kaa, moshi ukapanda umenyooka. Walivutana bei kwa Kiarabu kwa muda mrefu, mie nimesimama kama mzigo. Ghafla muuzaji akanigeukia kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe wa Unguja, cha kizamani hasa:

"Wewe umetoka kwetu. Beit al-Ajaib iliyoporomoka, wameshaisimamisha?"

Nikamwambia bado wanajenga. Akatazama mzani, akaongeza vijiwe vitatu, na bei hakuitaja tena.